Jinsi ya kuagiza Mazda Roadster kutoka Japani, na mahali ambapo mwaka wa gari utakuumiza

Gari langu limetoka bandarini Dar es Salaam wiki tatu zilizopita. Ni Mazda Roadster, ile ambayo nje ya Japani huitwa MX-5: viti viwili, paa la turubai, gia za mkono, rangi nyekundu. Nimelitamani tangu nikiwa mwanafunzi na sijutii hata shilingi niliyompelekea muuzaji. Ninachojutia ni karibu dola 1,800 za kodi ambazo sikuzipangia, na ambazo nisingelipa kama ningeuliza swali moja kabla ya kutuma pesa. Nimeandika haya ili wewe uliulize.

Mwongozo huu ni wa mtu wa Tanzania Bara anayeagiza gari la matumizi yake mwenyewe. Nachukulia kwamba una namba ya NIDA na TIN. Kama TIN huna, anzia hapo, maana bila hiyo wakala wa forodha hawezi kuingiza tamko lako.

Lijue toleo unalolitaka

Roadster ina vizazi vinne, na wauzaji wanaviita kwa herufi: NA (1989 hadi 1997, yenye taa zinazoinuka), NB (kuanzia 1998), NC (kuanzia 2005) na ND (kuanzia 2015). Namba ya chasisi huanza na herufi hizohizo. Ukiona ND5RC, hiyo ni ND ya injini ya cc 1,496. Ile ya NA iliuzwa Japani kwa jina la Eunos Roadster, kwa hiyo usishangae nyaraka zake zikisomeka Eunos badala ya Mazda. Mwambie wakala mapema asije akalitafuta gari kwa jina lisilokuwepo kwenye karatasi.

Ukubwa wa injini unagusa ushuru wa bidhaa. Gari dogo la cc 1,000 au chini halitozwi, la zaidi ya hapo hadi cc 2,000 linatozwa asilimia 5, na linalozidi cc 2,000 linatozwa asilimia 10. Roadster zote ziko kwenye asilimia 5, hata zile za lita mbili. Kama mfuko ni mdogo na unachotaka ni gari la wazi tu, angalia Daihatsu Copen au Honda S660. Injini zake hazifiki hata cc 700, hivyo kipengele hicho kinakuwa sifuri. Anayetaka Honda S2000 awe makini zaidi: za mwanzo zina cc 1,997, lakini zilizouzwa Japani kuanzia mwishoni mwa 2005 zina cc 2,157. Jina ni lilelile, kiwango kinabadilika.

Mwaka wa kutengenezwa, siyo mwaka wa usajili

Hapa ndipo nilipoumia, na hapa naomba usome polepole.

Kenya gari lililozidi miaka minane haliingii kabisa. Sisi linaingia, ila linalipia umri wake. Juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 18, kuna ushuru mwingine ambao watu tunauita wa uchakavu: gari lenye umri wa miaka 8 hadi 10 linaongezewa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 linaongezewa asilimia 30. Umri huo unahesabiwa kuanzia mwaka gari lilipotengenezwa.

Tuchukue ND ambayo forodha wameithamini dola 8,000. Ushuru wa forodha ni dola 2,000, jumla inakuwa 10,000. Asilimia 5 ya hapo ni 500. Kama gari halijafika miaka minane, unaweka VAT juu ya 10,500 na kodi hizo kuu zote zinakuwa dola 4,390. Likiwa na miaka 8 hadi 10, uchakavu ni dola 1,500, VAT nayo inapanda kwa sababu inatozwa juu ya kila kilichotangulia, na jumla inafika 6,160. Likizidi miaka 10, uchakavu ni 3,000 na jumla inafika 7,930. Bado hujaweka tozo ya reli, ada ya uchakataji wa forodha, usajili na gharama za bandari. Kati ya daraja la pili na la tatu kuna dola 1,770, kwa gari lilelile.

Tangazo la gari langu liliandikwa "2016/1". Nikahesabu: likifika mwaka 2026 litakuwa na miaka kumi, asilimia 15, sawa. Nikalipa Oktoba 2025. Kumbe hiyo 2016/1 ni tarehe ya usajili wa kwanza kule Japani. Gari lenyewe lilitengenezwa 2015. Cheti cha Kijapani cha kuondoa gari nchini kinaonyesha tarehe ya usajili wa kwanza, hakionyeshi mwezi wa kutengenezwa, kwa hiyo hata mtu akiwa na cheti mkononi anaweza kupotea kama mimi.

Hilo peke yake lisingeniua. Gari la 2015 likiingizwa Desemba 2025 bado lina miaka kumi. Lakini muuzaji alikaa na nyaraka, meli ikafika mwaka mpya, na tamko likaingizwa Januari. Wakala akanipigia: "Bosi, hii gari ni ya 2015, siyo 2016. Na mwaka umegeuka." Nilikaa chini. Pesa ile nilikuwa nimeitenga kwa ajili ya bima kubwa na matairi.

Kwa hiyo fanya hivi kabla ya kulipa chochote. Mwandikie muuzaji umuulize mwaka na mwezi wa kutengenezwa, na umtake aliandike jibu hilo kwenye ankara ya awali. Akikujibu kwa tarehe ya usajili, uliza tena. Omba namba kamili ya chasisi na umpe wakala wako aihakiki. Omba pia picha ya lebo iliyoshonwa chini kabisa ya mkanda wa kiti. Mara nyingi ina mwaka mkanda ulipotengenezwa. Lebo si uthibitisho wa kisheria, ila ikisema 2015 wakati tangazo linasema 2016, una sababu ya kusimama kwanza.

Kisha tazama kalenda. Meli kutoka Yokohama, Nagoya au Kobe inachukua wiki nne hadi sita, na mara nyingine zaidi, bado siku za kusubiri nafasi melini. Gari lililo ukingoni mwa miaka 8 au 10 usiliagize kuanzia Septemba kwenda mbele, labda muuzaji akuonyeshe nafasi iliyokwisha kukatwa. Ni afadhali uongeze dola mia chache ununue la mwaka unaofuata.

Thamani ya forodha haifuati ankara yako

TRA wana kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika kwenye tovuti yao, na yeyote anaweza kukitumia. Unachagua kampuni, modeli, aina ya bodi, mwaka wa kutengenezwa, nchi, mafuta na injini. Tumia hesabu ya hapo, siyo bei uliyobembeleza ukapunguziwa. Mtu anaweza kununua Roadster kwa bei ya kutupa na bado akatozwa kwa thamani iliyomo kwenye mfumo. Jaribu majina yote, MX-5 na Roadster, Mazda na Eunos, na upige picha ya matokeo yenye tarehe. Usipolipata kabisa, usikisie kwa gari linalofanana. Mwachie wakala aombe tathmini akiwa na ankara, picha na risiti ya benki, na ufanye hivyo gari likiwa bado Japani.

Karatasi ya mnada na kutu

Omba karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japani, siyo picha nzuri tu. Daraja la 4 au 4.5 ni gari safi, 3.5 lina kasoro za kuonekana, na R au RA ni gari lililowahi kugongwa na kutengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mikwaruzo, U ni mibonyeo, W ni mahali palipopigwa rangi, S ni kutu na C ni kutu iliyokula bati.

Kwa Roadster, tafuta S na C kuliko kitu kingine. Maji ya mvua yanayoshuka kwenye turubai hupita katika mirija midogo nyuma ya viti na kutokea chini ya gari. Mirija ikiziba kwa majani, maji yanabaki ndani ya vizingiti vya chini ya milango, na kutu inakula kutoka ndani huku rangi ya nje ikiwa inang'aa. NA na NB ndizo zinazosumbuliwa zaidi. Omba picha za chini, mbele ya tairi za nyuma, pande zote mbili. Omba na picha ya turubai likiwa limefungwa. NA ina dirisha la nyuma la plastiki ambalo hufifia na kupasuka.

Kulipa na kusubiri nyaraka

Hii ni fupi. Hakikisha ankara imeandikwa CIF Dar es Salaam (bei ya gari pamoja na bima na usafiri hadi bandari hiyo), jina lako liwe kama lilivyo kwenye TIN herufi kwa herufi, na akaunti iwe kwa jina la kampuni, siyo la mtu. Ukipokea barua pepe inayosema akaunti imebadilika, piga simu kwa namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo kabla ya kwenda benki.

Ukishalipa, dai tarehe ya nyaraka kutumwa: hati ya shehena, cheti cha kuondoa gari Japani pamoja na tafsiri yake, ankara ya biashara, na cheti cha ukaguzi kama wakala amekwambia kinahitajika kwa gari lako. Nakala za picha ziombe siku meli inapoondoka ili wakala aanze kazi. Mimi nilikuwa na aibu ya kusumbua watu. Sumbua kwa adabu, kila wiki.

Bandarini

Wakala mtafute kabla gari halijapakiwa, awe na leseni, na mkubaliane ada yake kwa maandishi, ikitenganishwa na kodi na gharama za bandari. Kodi ilipe wewe mwenyewe kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, benki au kwa simu, ukiangalia jina na kiasi. Usimpe mtu fedha taslimu za ushuru. Baada ya siku za bure kwisha, tozo ya kuhifadhi inaanza kuhesabiwa kila siku, kwa hiyo fedha ya kodi iwepo kabla meli haijatia nanga.

Siku ya kulitoa, nenda mwenyewe ukiwa na orodha na picha za muuzaji. Roadster ya ND haina tairi la akiba. Ilitoka kiwandani na kifaa cha kuziba pancha. Nilimwona mtu amekasirika kweli akidhani ameibiwa, na kijana wa watu hakuwa na kosa. Kagua turubai lote kwa vidole, redio na funguo zote mbili. Chukua njia yenye matuta machache kwenda nyumbani, na pale penye tuta kubwa panda kwa mshazari.

Redio ya Japani inaanza masafa ya 76 na inaishia chini ya vituo vyetu vingi, kwa hiyo fundi atakuwekea kiongeza masafa. Si gari bovu.

Usajili na bima

Kadi ya gari ikitoka, linganisha namba ya chasisi, ukubwa wa injini na mwaka na gari lenyewe papo hapo, maana kosa la herufi moja litakusumbua siku ya kuuza. Bima chukua kubwa, na muulize mtoa bima kwa maandishi kama turubai lililochanwa na mwizi linalipwa. Stika ihakiki kwenye mfumo wa TIRA kabla ya kuingia barabarani.

Mvua za masika zikikaribia, mimina maji kidogo kidogo kwenye tundu la kila upande nyuma ya kiti, kisha uiname utazame chini. Yasipotoka mbele ya tairi la nyuma, mrija umeziba. Uzibue kwa waya laini wa plastiki, taratibu, usiutoboe.