Kupima kukatika pumzi usingizini ukiwa nyumbani Mwanza, hatua kwa hatua

Kipimo cha nyumbani kina vitu vinne tu: kisanduku kinachokaa kifuani, mkanda wa kukishikilia, mrija laini unaoingia puani, na klipu ya kidoleni inayosoma oksijeni na mapigo ya moyo. Hakuna sindano wala dawa. Kinachotafutwa ni kila mara koo linapojibana ukiwa umelala, kifua kikahangaika lakini hewa isipite, au ipite kidogo tu, kwa sekunde 10 au zaidi. Tukio la namna hiyo kwa kawaida hushusha oksijeni, humwaga adrenalini na kuuzindua ubongo kidogo, hata kama asubuhi hukumbuki lolote. Ndiyo maana mtu analala saa 8 na bado anasinzia kwenye daladala ya Buhongwa, presha inagoma kushuka kwa dawa tatu, na usiku anaamka mara kwa mara kukojoa akidhani ni kisukari au tezi dume.

Vipimo vingi vinavyoharibika huharibika katika dakika 15 za kuvaa. Hapo ndipo pa kuwa makini.

Hatua ya 1: Jikague kwa karatasi na futi

Dodoso la STOP-BANG, la kukadiria hatari ya kukatika pumzi usingizini, lina maswali 8, kila "ndiyo" ni alama 1. Unakoroma hadi unasikika nje ya mlango uliofungwa? Unachoka au kusinzia mchana? Kuna aliyekuona pumzi zikikatika? Una presha? BMI yako (uwiano wa uzito na urefu) imezidi 35? Umri umezidi miaka 50? Shingo imezidi sentimita 40? Wewe ni mwanamume? Alama 3 au 4 ni hatari ya kati. 5 na zaidi ni hatari kubwa.

Shingo ipime kwa futi ya fundi cherehani, usawa wa kikoromeo, bila kukaza. BMI ni kilo zako ugawe kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe: kilo 105 kwa mtu wa mita 1.70 ni 105 ÷ 2.89, yaani 36.3.

Kisha mwombe unayelala naye akurekodi kwa simu dakika mbili au tatu ukiwa chali, kifua na uso vikionekana. Video yenye mkoromo, ukimya, kifua kikipanda na kushuka bila sauti, halafu mshtuko, humsaidia daktari kuliko maelezo marefu. Mwenye kukatika pumzi ndiye shahidi mbaya kuliko wote, maana alikuwa amelala.

Hatua ya 2: Omba kipimo mahali sahihi

Anzia kliniki ya masikio, pua na koo au ya magonjwa ya ndani, iwe Sekou Toure, Bugando au hospitali binafsi. Uliza kwa simu kwanza kama wana kifaa cha nyumbani, kinakaa kwa mgonjwa usiku ngapi, na nani anasoma majibu. Swali la mwisho ndilo zito: ripoti iliyotolewa na kompyuta bila mtaalamu kupitia mawimbi yenyewe ya rekodi haitoshi.

Kipimo cha nyumbani hakimfai mwenye moyo ulioshindwa kufanya kazi vizuri, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye ugonjwa mkubwa wa mapafu au wa misuli, wala anayetumia dawa za maumivu za jamii ya mofini. Hao wanahitaji kupimwa wakilazwa chini ya uangalizi. Mtoto naye hapimwi hivi. Mtoto anayekoroma, anayepumulia mdomo na mwenye mafindofindo makubwa aonwe na daktari wa koo, na kama ana selimundu asicheleweshwe.

Hatua ya 3: Chagua usiku

Mafua yakikubana, ahirisha. Mrija unasoma hewa ya puani. Pua ikiziba, mstari wa pumzi kwenye rekodi unalala na kompyuta inaweza kudhani pumzi zimekatika.

Lala wakati mwili wako umezoea kulala. Mvuvi wa dagaa anayekesha ziwani na taa usiku wa giza asijipime usiku wa kwanza wa kupumzika. Asubiri mbalamwezi, mitumbwi ikiwa nchi kavu, na usingizi wa usiku umerudi kwa siku kadhaa. Mlinzi wa usiku anaweza kujipima mchana, mradi chumba ni kimya na fomu ya saa (Hatua ya 5) inasema hivyo.

Usinywe pombe siku hiyo, kwa sababu hulegeza misuli ya koo. Kahawa mwisho mchana. Dawa za presha na kisukari endelea nazo kama kawaida.

Hatua ya 4: Vaa, bila haraka

Osha uso na vidole kwa maji na sabuni, ukaushe. Usipake mafuta: kwa joto la Mwanza, plasta iliyobandikwa juu ya mafuta ya nazi haifiki saa sita usiku.

Mkanda. Vaa fulana nyepesi, si kanga, maana kanga hujifungua na kuvuta waya. Mkanda upite chini kidogo ya kwapa, kisanduku kikae katikati ya mfupa wa kifua, maandishi yakitazama upande ulioelekezwa. Kaza mpaka vidole viwili vipite kwa shida. Ukilegea, mwendo wa kifua haurekodiwi. Kisanduku kikihamia ubavuni, ripoti itasema ulilala upande kumbe ulikuwa chali, na ulalaji wa chali ndio unaozidisha tatizo kwa watu wengi.

Mrija. Dai mpya, uliofungwa. Hautumiwi na watu wawili. Ncha zake zimepinda: mpindo ufuate njia ya pua, kuelekea ndani na chini. Ukivaa kinyume, ncha hugusa ukuta wa pua na kuziba. Zungusha nyuma ya masikio, shusha kidevuni, sukuma kifungo kiukaze. Bandika plasta kwenye kila shavu, karibu na pua. Mwenye ndevu abandike juu zaidi, kwenye ngozi tupu.

Klipu. Tumia kidole cha mkono usioandikia. Ondoa rangi ya kucha na kucha za bandia, na uchague kidole kisicho na piko, kwa sababu weusi huo huzuia mwanga wa klipu. Waya upite mgongoni mwa mkono na plasta moja ikae juu ya kiungo, isikazwe. Ukikaza, damu haipiti vizuri na klipu inapoteza mapigo.

Sasa ingia kitandani, washa kifaa, hakikisha taa za vihisi vyote vitatu ni kijani, ndipo uchomeke chandarua. Mtoto mdogo alale kwingine usiku huo. Umeme ukikatika usihangaike: vifaa hivi huendeshwa na betri.

Hatua ya 5: Usiku na fomu ya saa

Ukienda chooni, nenda na kila kitu mwilini. Mrija ukichomoka, urudishe ulale.

Andika muda wa kuzima taa, muda unaodhani ulishikwa na usingizi, na wa kuamka. Hapa watu huangukia shimo moja: kifaa kinahesabu kuanzia saa sita usiku, wewe unaandika "4:00" ukimaanisha saa nne usiku, na msomaji anaelewa alfajiri. Andika "saa 4 usiku (22:00)". Urefu wa rekodi inayosomeka usipungue muda wa saa 4. Chini ya hapo rudia.

Hatua ya 6: Soma majibu

Namba kuu ni AHI, yaani matukio kwa kila saa. Kwa mtu mzima, chini ya 5 ni kawaida, 5 hadi 14 ni kidogo, 15 hadi 29 ni ya kati, 30 na zaidi ni kali. Angalia pia muda ambao oksijeni ilikuwa chini ya asilimia 90. Mwanza iko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari. Kimo hicho hakimshushi mtu mwenye afya hadi hapo, kwa hiyo usikubali kuambiwa "ni mwinuko tu".

Jibu dogo lisikutulize haraka. Kifaa hakijui ulipokuwa macho, hivyo hugawa kwa saa zote za rekodi. Matukio 80 kwa saa 8 ni AHI 10. Kama ulilala saa 5 tu, ukweli ni 16, na umehama kundi. Pia klipu za kidoleni zimethibitika kuweza kusoma oksijeni juu kuliko ilivyo kwa watu wenye ngozi nyeusi. Dalili zikiwa kali na kipimo kikasema "kawaida", omba kurudia au kupimwa hospitalini.

Hatua ya 7: Kama umekutwa nalo

Tatizo dogo linalotokea ukilala chali: lala ubavu, acha pombe ya usiku, punguza uzito. Kupunguza asilimia 10 ya uzito kunaweza kushusha AHI kwa takriban robo. Ukisinzia kwenye usukani, usiendeshe mpaka utibiwe, iwe bodaboda au lori la Shinyanga.

Kwa tatizo la kati na kali, tiba kuu ni mashine ya CPAP, iliyoelezwa mara ya kwanza mwaka 1981 na Colin Sullivan na wenzake huko Sydney, Australia. Husukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisijibane. Itumie kila unapolala, hata usingizi wa mchana.

Wa Ukerewe na visiwa vingine wanaotegemea sola wapige hesabu kabla ya kununua. Ukizima kiongeza unyevu, mashine nyingi hutumia wati 30 hadi 60. Wati 40 kwa saa 8 ni wati-saa 320. Betri ya volti 12 ya Ah (ampea-saa) 100 ina takriban wati-saa 1,200, lakini ikiwa ni ya asidi usiitumie zaidi ya nusu, kwa hiyo inabaki 600: usiku mmoja bila wasiwasi, na mawingu yakitanda siku inayofuata, karibu wa pili. Soma kibandiko chini ya mashine, kwa kuwa baadhi zinataka volti 24 na zitahitaji kibadilisha umeme chake.