SOMO: Vichaka vya kijani vinavyochanua kiangazi Dodoma. Chagua Julai, panda Desemba

Kila ikifika Juni naulizwa swali lile lile: nipande nini getini kisikauke na kitoe maua? Nimejibu mmoja mmoja hadi nimechoka, kwa hiyo leo naweka yote hapa.

Tuanze na hali yetu. Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima tunapata kama milimita 550 hadi 600. Baada ya hapo ni ukame mtupu, na kuanzia Juni hadi Agosti unaongezeka ubaridi wa usiku na ule upepo wetu. Kichaka cha maana ni kinachobaki na majani na kuchanua katikati ya kipindi hicho. Usichague mche kwa jinsi unavyopendeza Februari. Februari kila kitu Dodoma ni kijani.

Hatua ya 1: Tembea Julai na Agosti. Pita Area D, Kisasa, Ilazo, utazame uzio wa nyumba ambazo ni wazi hakuna anayemwagilia. Kilicho na majani na maua pale kitakufaa na wewe. Kisha nenda kitaluni ukachague rangi kwa macho, maana muuzaji akikwambia "hii ni nyeupe" Januari, hana cha kukuonyesha.

Hatua ya 2: Amua aina. Bogenvilia ndiyo namba moja, haina mpinzani. Zile rangi si maua hasa, ni majani yaliyogeuka rangi. Chungulia katikati utaona kiua cheupe chembamba. Ukame ukizidi sana itapukutisha baadhi ya majani, ila haifi. Oleanda inabaki kijani mwaka mzima na inavumilia chumvi, lakini ni sumu (soma maswali chini). Tekoma ya njano inachanua muda mrefu, ila mbegu zake hupeperuka na kuota hovyo, kwa hiyo kata maganda kabla hayajapasuka. Yuforbia ya miiba inafaa chini ya dirisha. Utomvu wake usiguse macho. Anayetaka cha kwetu apande mtandamboo: majani mabichi, maua meupe yenye harufu, matunda watoto wanakula, na miiba inayozuia watu kukatiza. Waridi la jangwani na msanapichi ni mizuri, lakini hupukutisha majani kiangazi, kwa hiyo haimo kwenye somo hili.

Hatua ya 3: Shimo. Sentimita 60 kwa 60, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza.

Hatua ya 4: Kutoa mche kwenye kiriba (mfuko wa plastiki uliooteshewa). Hapa ndipo bogenvilia nyingi zinapofia, watu wakasingizia udongo. Mizizi yake ni laini na haishikani na udongo kama ya mwembe. Ukishika shina ukavuta, bonge linavunjika, mizizi inakatika, na ndani ya wiki mche umenyauka hata ukiumwagia pipa zima. Mwagilia kiriba jana yake ili udongo ushikane. Siku ya kupanda, kata kitako cha kiriba kwa wembe, weka mche shimoni ukiwa bado ndani ya kiriba, ndipo upasue ubavu kutoka juu hadi chini na kuichomoa plastiki taratibu huku ukijazia udongo. USIVUTE SHINA. USIGONGE KIRIBA CHINI. Usichambue mizizi eti uinyooshe. Na usipande jua la saa saba, panda jioni.

Fanya kazi hii Desemba au Januari mvua zikishashika. Mche uliopandwa wakati huo unapata miezi kadhaa ya kushusha mizizi kabla ya ukame.

Hatua ya 5: Maji. Mwaka wa kwanza, ndoo moja kwa mara moja au mbili kwa wiki, inywe hadi chini. Vikombe vya kila siku vinafuga mizizi juu juu. Matandazo ya nyasi weka, ila yakae shubiri moja mbali na shina, maana mchwa watapita humo humo.

Hatua ya 6: Pogoa mwishoni mwa Aprili. Bogenvilia huchanua kwenye matawi mapya. Pogoa, yachipue, kisha punguza maji.

MASWALI

Mpangaji wa Nkuhungu: Bogenvilia yangu namwagilia asubuhi na jioni, majani kibao, ua hakuna. Niongeze urea?

Jibu: Hatua ya 5 umeiruka. Urea italeta majani zaidi. Acha maji hadi udongo ukauke, na hakikisha inapata jua kwa muda wa saa sita au zaidi kwa siku.

Kijana wa Nala: Mkuu unauzaje mche mmoja?

Jibu: Siuzi.

Mama wa Iyumbu: Asante kwa somo, kaka. Maji yetu ya kisima yana chumvi, udongo unabaki na ukoko mweupe. Na nina mbuzi.

Jibu: Karibu, dada. Ncha za majani zikiungua kahawia, hiyo ni chumvi. Mwaga maji mengi kwa mara chache ili chumvi ishuke chini, na mvua zikianza kinga maji ya bati. Kwa mbuzi, oleanda iache kabisa. Jani, ua, tawi, vyote ni sumu kwa mnyama na mtu, hata moshi wake ukichoma matawi. Panda bogenvilia, na mwaka wa kwanza izungushie miiba.

Fundi bustani: Nyongeza: maji ya kuoshea mchele yanafaa. Ya sabuni yapishanishe na maji safi.

Jibu: Kweli kabisa.

Msomaji wa Area C: Binti yangu yuko Uingereza, amenitumia picha ya kichaka cha kijani kinachochanua baridi kali, kinaitwa kamelia. Kitawezekana hapa?

Jibu: Swali zuri sana. Kamelia ni ndugu wa chai, jenasi moja, kwa hiyo fikiria chai inakubali wapi: Mufindi, Rungwe, Lushoto. Inataka udongo wenye tindikali, unyevu na ubaridi. Huko mtu anaweza kujaribu. Kwetu, udongo na maji ya chumvi vitaigeuza njano. Ukitaka wekundu wa kipupwe, jaribu poinsetia karibu na bomba.

Msomaji wa Area C: Ninayo moja getini, mwaka wa pili haijawahi kuwa nyekundu.

Jibu: Juu yake kuna taa ya ulinzi?

Msomaji wa Area C: Ipo, inawaka usiku kucha.

Jibu: Ndiyo sababu. Inageuka rangi usiku unapokuwa mrefu na wenye giza kamili. Kwa taa hiyo, kwake usiku hauingii. Elekeza taa barabarani, au kata fimbo za sentimita 20, acha utomvu ukauke siku moja, na uzichomeke nyuma ya nyumba mvua zikianza.