Jinsi ya kufuatilia risachi za afya na maisha ya watu ukiwa hapa Mombasa

Wadogo zangu mnaoandika propozo, kabla hujafungua kompyuta anza na swali la mtaani kwako. Chukua Kisauni: bomba limekauka, kisima ni cha chumvi, mama ananunua mtungi wa lita 20 kwa mwenye mkokoteni, mtoto akiharisha anapewa ORS na zinki anarudi nyumbani kwa maji yaleyale. Hayo ndio mambo ya kijamii yanayoamua afya, yaani maji, nyumba, kazi, shule, pesa mfukoni.

Sasa ingia PubMed, tovuti ya kutafutia makala za utafiti wa afya, ni ya bure. Andika kwa Kiingereza "social determinants of health" pamoja na hizo alama za nukuu, ukiziacha utaletewa kila kitu. Pembeni kuna grafu ya idadi ya makala kwa kila mwaka, idaunlodi uifungue kwa Eksel.

Hapa kwa grafu ndio wengi wanapotea. Wanaona imepanda basi wanaandika tatizo limeongezeka, na si hivyo! Ripoti ya tume ya WHO chini ya Michael Marmot ilitoka 2008, hilo jina likashika, halafu 2014 PubMed wakaliweka kuwa neno rasmi la kupangia makala. Kabla ya hapo mambo hayahaya yaliandikwa kwa majina mengine, mfano utafiti wa Whitehall ulioanza 1967 kwa wafanyakazi wa serikali kule London, wa vyeo vya chini walikufa zaidi kwa maradhi ya moyo kuliko mabosi wao. Kwa hivyo tafuta pia poverty, housing na socioeconomic factors. Tena makala za kila aina zimeongezeka, so gawanya idadi yako kwa makala zote za mwaka huo ndio ulinganishe.

Kisha ongeza Kenya, halafu Mombasa, halafu Kilifi. Kilifi ina makala nyingi maana kituo cha utafiti wa afya cha KEMRI-Wellcome kiko pale tangu 1989, risachi hufuata kituo kilipo, haifuati shida ilipo. Ukitaka ramani ya maneno yanayotokea pamoja kwenye makala, programu ya VOSviewer ni bure, inasoma faili za PubMed.

Baada ya hapo soma zile za Pwani moja moja, na kwa kila moja andika walipima nini hasa. Mimi hili linaniuma sana: mama anaulizwa kama anajua kunawa mikono, hakuna anayemuuliza mtungi ni shilingi ngapi. Kule Owino Uhuru, Mikindani, madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri yaliingia kwenye damu za watu, sasa kunawa mikono kungesaidia nini pale?

Lile ambalo halijapimwa ndio swali lako. Chukua ripoti ya KDHS 2022, ule utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya, kwa tovuti ya KNBS, shirika la takwimu la Kenya, toa majedwali yenye Mombasa uyachape, uende nayo kwa msimamizi wako pamoja na ile grafu.