Sola na jenereta pamoja: usiache injini ikae bila mzigo

Ukifunga sola kwenye hoteli, zahanati au kiwanda chenye jenereta ya dizeli, usiiachie sola ibebe kila kitu huku jenereta ikiunguruma bure. Injini isiyo na mzigo haipati joto la kutosha. Dizeli haiungui yote: nyingine inapita kwenye ringi za pistoni na kuchafua oili, nyingine inatokea kwenye ekzosi. Majimaji meusi kwenye maungio ya ekzosi, na moshi mweupe usiokoma hata injini ikishapata moto, ni dalili kwamba uharibifu umeanza.

Piga hesabu kwanza. Jenereta ya kVA 60 kwa pawa fakta (sehemu ya kVA inayofanya kazi halisi) ya 0.8 hutoa kilowati 48. Asilimia 30 yake ni kilowati 14.4, na hapo ndipo mwisho wa kushuka. Kama mchana mnatumia kilowati 30, sola ipewe 15 tu jenereta ikiwa inawaka, hata kama paneli zina uwezo wa 25. Zinazozidi zijaze betri, au zikatwe. Inauma kuzitupa, lakini silinda ni ghali zaidi.

Kikomo hicho kinasimamiwa na kidhibiti kinachosoma umeme unaotoka kwenye jenereta, fezi zote tatu, na kuiamuru inveta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika, ipunguze. Hapa mafundi hukosea sana: koili ya kupimia ikifungwa kinyume, kidhibiti huona umeme unarudi nyuma, na sola hugoma kuzalisha jua likiwaka. Jaribu kwa kuzima mzigo mmoja mkubwa huku ukitazama mita; jenereta isishuke chini ya 14.4. Kinga ya umeme kurudi nyuma iwepo vilevile, maana mzigo ukiondoka ghafla sola inaweza kuisukuma jenereta.

Wingu likipita, sola hushuka zaidi ya nusu kwa sekunde chache. Kwa hiyo jenereta iweze kubeba mzigo wote peke yake, isipokuwa mna betri za kuziba pengo.

Jenereta iliyokwisha kuchafuka, ipandishie mzigo polepole hadi asilimia 75, iendeshe saa kadhaa mpaka moshi ukate, kisha badilisha oili. Ile inayokaa akiba, iwashe kila mwezi dakika 30 ikiwa na mzigo. Kuiwasha dakika tano bila mzigo kunaichafua tu. Kabla ya kuwasha, toa maji kwenye chujio la dizeli na pima betri ya kuwashia. Jenereta iliyokaa muda mrefu ikigoma kuwaka, mara nyingi chanzo ni betri hiyo.