Somo: Kisanduku cha kukariri kwa watoto wa miaka 6 hadi 11

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Elimu ya klasiki ya Kikristo ina ngazi tatu: sarufi (miaka ya kukariri), mantiki (kupima hoja) na balagha (ufasaha wa kusema). Mtoto wa ngazi ya sarufi anashika maneno haraka, na wazazi wengi wanamkaririsha vizuri tu. Kinachowashinda ni kurudia. Zaburi iliyoshikwa Januari, ikifika Juni imeshapotea. Kisanduku hiki cha kadi kinapanga siku ya kurudia kila jambo.

Vifaa: boksi la viatu lenye mfuniko (vumbi la Dodoma mnalijua), manila mbili za rangi tofauti na kalamu ya wino. Kadi ziwe sm 8 kwa 12. Kwa rangi ya pili kata vitenganishi 41, virefu kuliko kadi kwa sm 1 ili vichomoze: kimoja KILA SIKU, viwili WITIRI (tarehe 1, 3, 5...) na SHUFWA (tarehe 2, 4, 6...), saba vya siku za wiki, 31 vya tarehe.

Kila kadi ibebe jambo moja: aya moja, amri moja, ngeli moja, au tukio moja, mfano "354: Augustino anazaliwa Thagaste, Algeria ya leo". (Huyu Mwafrika mwenzetu alifundisha balagha kabla ya kuwa askofu wa Hippo. Asikose kisandukuni.)

Kadi mpya inakaa KILA SIKU. Mtoto akiisema siku tatu mfululizo bila kuchungulia, inahamia WITIRI au SHUFWA. Wiki mbili bila kosa, inahamia kwenye siku ya wiki. Mwezi mmoja bila kosa, kwenye tarehe. Kwa hiyo Jumanne tarehe 14 mnafungua sehemu nne tu: KILA SIKU, SHUFWA, JUMANNE na 14. Dakika 15 zinatosha, kabla ya chai ya asubuhi.

Kosa linaloua kisanduku ni kurundika. KILA SIKU ikiwa na kadi tano, kipindi kinavuta nusu saa, na wiki ya pili mtoto anakikimbia. Iwe na kadi moja, mbili zikizidi sana. Kadi iliyosahaulika irudi KILA SIKU siku hiyohiyo, bila kugombeza. Na kadi ngumu msiziweke tarehe 31, maana kwa mwaka mtaifungua mara 7 tu.

Maswali ya wanachama

Mama wa wawili, Kikuyu: Mwalimu, wangu anatiririka Zaburi 23 yote, ila nahisi haelewi.

Jibu: Mama, mwulize "gongo lako na fimbo yako" ni nini. Watoto wengi wa kwetu wanajua gongo ni pombe! Fimbo ameiona mikononi mwa wachungaji wa mifugo. Mwonyeshe na gongo, lile rungu la kumpiga mnyama mkali. Kisha funga Biblia, akusimulie aya hiyo kwa maneno yake. Asiposimulia, kadi isihame hata kama ameikariri.

Baba Neema, Ihumwa: Kilatini ni lazima?

Jibu: Si kwa kuanzia, ndugu. Anza na ngeli. Anayejua kwa nini "kitabu kikubwa" huwa "vitabu vikubwa" ameshaonja upatanisho wa kisarufi, na Kilatini kinadai uleule: mensa magna, yaani meza kubwa, zikiwa nyingi ni mensae magnae. Akifika miaka 9 hivi, mwanzishie.

Dada wa Chang'ombe: Naweza kumwondoa shule kabisa?

Jibu: Dada, Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto aliyetimiza miaka 7 aandikishwe elimu ya msingi. Usiamue peke yako nyumbani. Muone kwanza afisa elimu wa kata. Kisanduku hakigongani na shule.

Mama Baraka, Area C: Wa kwangu ana miaka 12, anabishia kila kitu. Niendelee na kadi?

Jibu: Endelea na za zamani, mama, lakini huyo amefika ngazi ya mantiki, ubishi wake upe kazi. Mwandikie: "Kila mzabibu una majani. Mti huu una majani. Kwa hiyo mti huu ni mzabibu." Mwambie atafute kosa liko wapi. Akisema tu "si kweli", usikubali. Mpeleke kwenye mwarobaini uani: una majani, na si mzabibu. Sentensi ya kwanza haikusema chenye majani ni mzabibu tu. Hilo aliandike daftarini kwa maneno yake, na kesho atunge mfano wa kwake wenye kosa hilohilo.