Bajeti ya maonyesho ya makumbusho: bei itangulie mchoro

Assalaam alaykum wenzangu. Nimeahidi kueleza jinsi ya kupanga pesa za kutengeneza maonyesho kwenye nyumba zetu kongwe. Tuchukue mfano wa chumba kimoja Mji Mkongwe wa Zanzibar, vituo vitano (yaani sehemu tano za kutazama na kushika) kuhusu majahazi, na shilingi milioni 40. Namba ni za kujifunzia, kila mtu aweke zake.

Hatua ya 1: Toa kwanza, gawa baadaye. Ondoa milioni 6 za dharura na milioni 4 za matunzo ya mwaka wa kwanza. Mbunifu mwambie una milioni 30. Fungu la matunzo ndilo linaloibiwa kila mara, na inaniuma. Hewa ya bahari inakula bawaba, watoto wanang'oa vishikio, taa zinaungua. Miezi michache baada ya sherehe ya ufunguzi, mgeni anakuta vituo viwili vimefunikwa shuka.

Hatua ya 2: Isikilize nyumba. Beit el Ajaib, jumba kongwe la Mji Mkongwe, ilijengwa 1883, na tarehe 25 Desemba 2020 sehemu yake ilianguka, watu wawili wakafariki. Basi kabla ya kupandisha kabati zito ghorofani, mlipe mhandisi atazame boriti, na malipo yake yawe ndani ya bajeti. Kuta zetu ni za mawe na chokaa. Usizitoboe ovyo, wala usizibe kwa saruji, maana inafungia unyevu na chumvi ndani. Tumia fremu zinazosimama zenyewe sakafuni. Zinagharimu zaidi ya skrubu za ukutani, kwa hiyo zihesabu mapema. Kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe nacho kiombe mapema, kwa sababu fundi anayekaa kusubiri bado anataka ujira.

Hatua ya 3: Vunjavunja kila bei. Mstari unaosema "kabati, milioni 5" ukatae. Andika mbao, kioo cha usalama, taa, kufuli, ufundi, rangi, kubeba, kufunga. Kubeba kuna mambo yake: gari haliingii chochoroni, kioo kitashushwa barabarani kisha kiende kwa mkokoteni na mahamali. Mimi niliwahi kuagiza kabati zuri la mninga bila kupima mlango wa nyumba. Lilizidi inchi mbili. Tulilikata, tukaliunga upya, ufundi tukaulipia mara mbili. Sasa napima mlango, ngazi na kona ya chochoro, na vipimo hivyo naviandika kwenye oda yenyewe.

Maandishi pia yana bei: kuandika, kutafsiri, kuhakiki, kuchapa. Mlipe mhakiki, kwa sababu kuchapa bango upya ni ghali kuliko yeye.

Hatua ya 4: Jaribu kwa boksi. Hapa ndipo pesa nyingi inapookolewa. Tengeneza kila kituo kwa karatasi ngumu na plaiwudi ya mabaki, kwa ukubwa wake halisi, kisha waite watoto wa skuli na wazee wawili watatu. Kaa kimya utazame. Mtoto hafiki kwenye kishikio? Mzee anainama kusoma? Rekebisha siku hiyo hiyo kwa mkasi na gundi. Kosa hilo hilo likionekana baada ya fundi kukata mbao, utanunua mbao nyingine.

Hatua ya 5: Mabadiliko yaandikwe. Nini kimebadilika, bei gani, nani amekubali, pesa inatoka kituo gani. Na kila Alhamisi hesabu mafungu matatu: iliyolipwa, iliyoahidiwa kwa oda, iliyobaki. Ukisahau iliyoahidiwa, utajiona tajiri wiki mbili kabla ya kukwama.

MASWALI YA WANACHAMA

Time, Wete: Maalim, sisi pesa yetu ni nusu ya hiyo. Tupunguze nini?
Jibu: Punguzeni vituo, bibi. Vitatu vilivyotengenezwa vizuri vinatosha. Taa na maandishi msiviguse.

Khamis, Unguja: Mfadhili wetu anang'ang'ania skrini kubwa ya kugusa.
Jibu: Mpokee, lakini mwombe kwa maandishi agharamie kilinda umeme, betri na matunzo ya miaka mitatu. Unguja tulikaa bila umeme wa gridi karibu miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Kwa hiyo hadithi kuu ya chumba isomeke hata skrini ikiwa imezima.

Bi Mwana, Makunduchi: Tuna kanga za zamani. Kabati lenye taa maalumu ni ghali mno kwetu.
Jibu: Shikamoo bibi. Nguo kongwe zinataka mwanga hafifu, kama laksi 50 (laksi ni kipimo cha mwanga), basi taa ndogo za LED zinatosha. Kanga ziweke mbali na dirisha, na zipokezane: moja ionyeshwe, nyingine zipumzike gizani. Pesa itakayobaki nunua kifaa cha kupimia unyevu.

Khamis, Unguja: La mwisho, Maalim. Fundi anataka asilimia 70 kabla hajaanza.
Jibu: Nenda naye dukani, mbao zilipie wewe, risiti ikae kwako. Ujira mpe kwa hatua, na asilimia 10 ya mwisho mpe kituo kikishatumika mwezi mzima bila hitilafu. Mweleze hayo kabla hajashika msumeno.