Projekti ya viluwiluwi wa mbu: wanafunzi wachunguze wenyewe, simu moja inatosha

Walimu wenzangu, habari za kazi. Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutumika 2024, kila kikao tunasikia umahiri, projekti, mwanafunzi agundue mwenyewe, na mi naunga mkono kwa moyo wote, ila naona wengi tunaanzia mwisho, mtu anadaunilodi programu sita alafu ndo anatafuta cha kufanya nazo. Anza na swali. Na hilo swali litoke kwa watoto.

Langu lilitoka kidato cha pili, tuko kwenye malaria, binti mmoja akanyoosha mkono akauliza, mwalimu hawa mbu wa bwenini wanazaliwa wapi, humu humu shuleni au kule bondeni? Nikaacha somo nikaliandika ubaoni kama alivyosema. Swali la projekti utalijua kwa mambo mawili, kitabu hakina jibu lake, na jibu linapatikana kwa kuhesabu kitu. "Malaria ni nini" haliwezi kuwa projekti hata ulipambe vipi.

Kabla hamjatoka nje kila kikundi kiandike makisio yake na sababu, kwenye daftari, kwa peni, yasifutwe. Wangu karibu wote waliandika mtaro wa jikoni, sababu unanuka na ni mchafu. Usiwasahihishe hata kama unajua, hapo ukifungua mdomo umeua projekti nzima.

Vifaa: upawa mweupe wa plastiki (mweupe ili mdudu aonekane), chupa za maji zenye vifuniko, na daftari. Kila sehemu yenye maji yaliyotuama chota mara 10, polepole, usipige kivuli maana wakiona kivuli wanazama, hesabu kila mchoto. Alafu waambie watulie waangalie tu, hii ndo sehemu naipenda kuliko zote. Kiluwiluwi wa Anopheles, yule wa malaria, analala bapa chini ya uso wa maji kama kijiti kinachoelea. Wa Culex na Aedes, mbu wa aina nyingine, ana kimrija cha kupumulia mkiani, kwa iyo ananing'inia kwa mshazari kichwa chini. Hauhitaji maabara kuona hiyo tofauti, macho tu. Ukitaka kuwaona vizuri zaidi dondoshea tone dogo sana la maji kwenye lenzi ya simu, linakuwa kama kioo cha kukuzia, igeuze taratibu ukiwa umeshika kiluwiluwi kwenye kijiko, watoto watagombania hiyo simu.

Sasa ndo tuje kwenye dijitali. Mara ya kwanza tulikusanya data kwenye karatasi, kikundi kimoja kikaandika "wengi", kingine "wapo wapo", kingine hakikuandika tarehe, wiki mbili za kazi hatukuweza kulinganisha chochote na niliumia kweli kwa ajili ya wale vijana. Ndo nikahamia KoboToolbox, huduma ya mtandaoni ya kukusanya data kwa fomu. Ina akaunti ya bure, unatengeneza fomu kwenye kompyuta kwa Kiswahili chako, unaishusha kwenye simu ya Android kwa programu ya KoboCollect, ukishaishusha inajazwa bila bando, utatuma baadae ukipata intaneti. Weka maswali machache: sehemu gani, maji ya aina gani, mchoto wa ngapi, wamelala wangapi, wananing'inia wangapi, picha, na GPS. Kwenye idadi chagua jibu la namba tu, hapo "wengi" haliingii tena. Shule za bweni wanafunzi hawaruhusiwi simu, kwa iyo mi natumia yangu tu, kila kikundi dakika kumi, mmoja anachota, mmoja anahesabu kwa sauti, mmoja anajaza, mmoja anaangalia wasidanganye. Rudieni kila wiki, maana yai mpaka mbu kamili ni kama siku 7 hadi 14 kulingana na joto, mkikaa mwezi hamtaelewa kilichotokea katikati.

Data ishushe ifunguke kwenye Excel au Google Sheets, na chati wachore wao. Kwanza kwa mkono kwenye karatasi ya grafu, ndo wahamie kwenye kompyuta, nasisitiza huo mpangilio sababu ukianza na kompyuta wanabonyeza tu, hawajui mhimili upi ni nini.

Kwetu mtaro wa jikoni ulikuwa na viluwiluwi wengi kweli, ila karibu wote wananing'inia. Waliolala bapa tuliwakuta kwenye madimbwi ya uwanjani, yale mashimo ya matairi ya lori lililoleta mchanga, maji yamepigwa na jua, masafi tu. Darasa likanyamaza kabisa, yule binti akarudi kwenye makisio yake akayasoma tena, alafu akauliza kwa nini hawapendi mtaro? Hilo ndo likawa swali la wiki iliyofuata, sikulipanga.

Mkitaka data yenu iende mbali kuna GLOBE Observer, programu ya simu ya GLOBE, mradi wa kimataifa wa sayansi ulioanza 1995 ukisaidiwa na NASA, shirika la anga la Marekani, ina sehemu ya kuripoti mazalia ya mbu na inakuelekeza hatua kwa hatua kumtambua kiluwiluwi. Maelezo yake yakiwatokea kwa Kiingereza, mkae nayo pamoja.

Mwisho wa projekti wapeleke matokeo kwa mtu mwenye uwezo wa kufanya kitu. Wangu walienda kwa mkuu wa shule na chati moja na ramani waliyochora, wakaomba mashimo yafukiwe, dakika tano tu. Kisha wapime tena baada ya wiki mbili.

Na viluwiluwi mliobaki nao kwenye chupa msiwamwage mtaroni wala chooni. Mwageni kwenye udongo mkavu juani, mkae hapo mpaka maji yote yanywee.